Sanamu za Mawe za Ubuddha wa Mwanzo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unajibu maswali ambayo watu huuliza wanapokutana kwa mara ya kwanza na mawe ya India ya kale: ya Sanchi, Bharhut, Mathura, Gandhara na Amaravati. Kipindi chenyewe ni cha miaka 600 hivi, kuanzia utawala wa Ashoka katika karne ya 3 KK hadi karne ya 3 BK. Sanchi imepewa nafasi kubwa kuliko kwingine kwa sababu mawe yake bado yako pale pale yaliposimamishwa, na kwa sababu naamini kabisa kwamba aliyeielewa Sanchi hatababaishwa na kilichofuata.

Wabuddha walianza lini kuchonga mawe?

Buddha aliishi takriban karne ya 5 KK, lakini hakuna sanamu ya mawe ya Kibuddha iliyotufikia kutoka karne za mwanzo baada yake. Watu wa bonde la Ganges walijenga kwa mbao na kufinyanga udongo, na mbao hazistahimili masika ya India. Kwa Ubuddha, jiwe linaanza na Ashoka, mfalme wa ukoo wa Maurya aliyetawala kuanzia mwaka 268 hadi 232 KK hivi.

Ashoka alisimamisha nguzo ndefu, kila moja kipande kimoja cha jiwe la mchanga, nyingi zikiwa zimetolewa kwenye machimbo ya Chunar karibu na Varanasi. Nyingine zina uzito wa tani 50 hivi, na zilisuguliwa mpaka zikang'aa. Kichwa cha nguzo kinachojulikana kuliko vyote kilifukuliwa Sarnath mwaka 1904–05: simba wanne waliopeana migongo, wakiwa juu ya jukwaa la mviringo. Tangu tarehe 26 Januari 1950 simba hao ni nembo ya taifa la India.

Watu wengi huishia kwa simba. Shusha macho uangalie jukwaa walilosimama. Limezungukwa na tembo, fahali, farasi na simba mdogo, na kati ya mnyama na mnyama kuna gurudumu. Simba wa juu ni wa kifalme: manyoya yamepangwa safu kwa safu, mdomo umeachama kwa utaratibu, na wataalamu wengi wanaona hapo mkono wa sanaa ya Uajemi. Wanyama wa chini ni hai. Farasi anakimbia kweli kweli, na fahali anaonekana mzito kwenye mabega. Katika jiwe hilo moja unaona ikulu na kijiji kwa pamoja, na kwa maoni yangu sanaa iliyofuata ilifuata njia ya wanyama wale wadogo.

Stupa ni nini, na sanamu huwekwa sehemu gani?

Stupa ni kilima cha mviringo kilichojengwa juu ya masalia ya Buddha au ya watawa wakubwa. Haina chumba cha kuingia. Mwenye kuizuru huizunguka kwa miguu, akiiweka upande wake wa kulia.

Stupa Kuu ya Sanchi, katika jimbo la Madhya Pradesh, ilianza kama kilima cha matofali enzi za Ashoka. Katika karne ya 2 KK ilifunikwa kwa mawe na ukubwa wake ukawa maradufu: kipenyo mita 36.6 na kimo mita 16 na ushei. Katika karne ya 1 KK, chini ya wafalme wa Satavahana, yakaongezwa malango manne ya mawe, moja kwa kila upande wa dunia.

Kuba lenyewe liko wazi, halina nakshi. Nakshi zote ziko kwenye malango. Uzio wa Sanchi pia ni mtupu, tofauti na wa Bharhut, stupa nyingine ya India ya kati, ambao umejaa picha. Ukikaribia uzio huo utagundua jambo linalosema mengi: boriti za mawe zimechomekwa kwenye matundu ya nguzo kama seremala anavyounganisha mbao. Jiwe halihitaji kuunganishwa hivyo. Waliojenga walikuwa bado wanafikiri kwa mbao, na mikono yao ilihamishia ufundi huo kwenye jiwe bila kuubadilisha.

Kwa nini Buddha mwenyewe haonekani?

Hili ndilo swali kubwa, na ndilo linalofanya kipindi hiki kiwe cha pekee. Bharhut na Sanchi kuna mamia ya watu, miungu, wanyama, wafalme na wezi, lakini Buddha hayupo. Mahali pake pana kiti kitupu chini ya mti wa bodhi, ambacho ni kule kuamka kwake kiroho Bodh Gaya. Au pana gurudumu, ambalo ni mahubiri yake ya kwanza Sarnath. Au stupa, ambayo ni kufariki kwake. Kwingine kuna nyayo mbili, au mwavuli ulioinuliwa juu ya hewa tupu.

Mfano mzuri kuliko yote uko kwenye boriti ya katikati ya lango la mashariki la Sanchi. Inasimulia usiku ambao Mwanamfalme Siddhartha, Buddha wa baadaye, alitoroka ikulu kwenda kutafuta ukweli. Kushoto kuna mji wenye kuta na watu madirishani. Farasi Kanthaka anatoka langoni, na mtu amemshikia mwavuli wa kifalme juu ya mgongo. Mgongoni hakuna mtu. Farasi huyo huyo anarudiwa tena na tena kuelekea kulia, mwavuli ukiwa juu yake kila mara. Mwisho wa safari, upande wa kulia, zipo nyayo mbili kubwa chini ya mwavuli, na Chandaka, mtumishi wake, amepiga magoti mbele yake. Kisha chini yake farasi anarudi nyumbani. Safari hii hana mwavuli.

Kuondolewa kwa mwavuli peke yake kunatosha kukuambia kwamba mwanamfalme amebaki msituni. Sijui kazi nyingi za sanaa, za zama zozote, zinazosema neno zito hivyo kwa kitu kidogo hivyo.

Sababu ya kutomchonga bado inabishaniwa. Maelezo ya zamani yanasema kwamba aliyefikia nirvana ametoka katika mzunguko wa kuzaliwa, kwa hiyo mwili haufai tena kumwakilisha. Mwaka 1990 mtaalamu wa Marekani Susan Huntington aliyapinga: alisema nyingi ya picha hizi haziigizi maisha ya Buddha, zinaonyesha mahujaji wakizuru mahali patakatifu baada ya kifo chake, na kiti kitupu kilikuwa kweli kiti kitupu, kinachoheshimiwa. Vidya Dehejia akamjibu kwamba alama moja inaweza kubeba maana zaidi ya moja kwa wakati mmoja.

Mimi niko upande wa Dehejia. Picha nyingi za watu waliopiga magoti mbele ya mti zinaweza kweli kuwa za mahujaji. Lakini farasi wa lango la mashariki hawezi kuwa mahali pa ziara. Hakuna anayekimbia usiku kumshikia mwavuli farasi mtupu. Mchongaji alijua kuna mtu pale, na alijua mtazamaji atamwona.

Tena kuna jambo ambalo husahaulika. Katika hadithi za maisha ya Buddha kabla ya kuzaliwa kwake mara ya mwisho, zile zinazoitwa jataka, anachongwa bila wasiwasi wowote. Kwenye lango la magharibi yeye ni mfalme wa nyani anayejitandaza kama daraja ili kabila lake livuke mto. Kwenye lango la kaskazini ni Mwanamfalme Vessantara anayegawa kila alichonacho, hadi watoto wake. Kwa hiyo hofu, kama ilikuwa hofu, ilihusu mwili wa maisha ya mwisho tu.

Mbona mtu mmoja anaonekana mara kadhaa katika picha moja?

Kwa sababu picha inasimulia, na wakati unapita ndani yake bila kugawanywa kwa mistari. Jicho lako ndilo linalotembea.

Duara moja la Bharhut linafundisha jambo hili vizuri sana. Tajiri Anathapindika alitaka kumnunulia Buddha bustani ya Mwanamfalme Jeta. Bei aliyotajiwa ni kuifunika ardhi yote kwa fedha. Ndani ya duara kuna gari la ng'ombe limeinamishwa, nira imefunguliwa na ng'ombe wamepumzika. Mtu anapakua sarafu, na wengine wawili wamechuchumaa wanazipanga chini moja moja, ubavu kwa ubavu. Sarafu zenyewe ni za pembe nne, kama zilivyokuwa sarafu za India za wakati huo. Katikati Anathapindika huyo huyo amesimama na birika la maji mkononi, tayari kumwagia maji kama ishara ya kukabidhi zawadi. Miti imetawanyika, na vibanda viwili vya kuabudia vimeandikwa majina. Chini yake kuna maandishi yanayosema kwamba Anathapindika anatoa bustani ya Jeta, baada ya kuinunua kwa kuitandika fedha.

Hakuna upeo wa macho, na kilicho mbali hakikupunguzwa ukubwa. Kimepandishwa juu tu. Watu waliozoea picha za kamera huona hilo ni kutojua. Naomba wakae nayo dakika tano. Kila kitu kimegeuzwa upande unaokieleza vizuri: ardhi inaonekana kutoka juu ili uone sarafu, ng'ombe wanaonekana kwa ubavu ili uwatambue, na hakuna kinachomziba mwenzake.

Walichongaje, na kwa mawe gani?

Kwa tindo za chuma na nyundo, kisha kusugua. Kazi nyingi ni nakshi za kuinuka: fundi anachimba pembeni mpaka umbo libaki limesimama juu ya kina cha nyuma, kama zilivyochongwa fremu za milango ya Zanzibar na Lamu. Bharhut kina ni kifupi na watu wamebanwa kama kati ya vioo viwili. Sanchi, miaka mia hivi baadaye, kina kimeongezeka, watu wanapishana, na vivuli vinaanza kufanya kazi.

Jiwe linaamua mengi. Jiwe la mchanga la Sanchi na la Mathura hupenda maumbo ya mviringo na mapana. Shisti ya kijivu ya Gandhara hukubali mikunjo mikali ya nguo na nywele moja moja. Jiwe la chokaa la Amaravati, jeupe lenye ukijani kwa mbali, huchongeka laini kiasi kwamba fundi anaweza kujaza watu thelathini katika duara moja na kila mmoja akawa na bangili zake.

Mafundi walikuwa akina nani?

Wengi hawakuandika majina. Kwenye lango la kusini la Sanchi kuna maandishi ya Ananda, msimamizi wa mafundi wa Mfalme Satakarni, aliyetoa boriti ya juu kama zawadi yake. Na kwenye lango hilo hilo kuna maandishi mengine mafupi ninayoyapenda kuliko yote ya kipindi hiki: yanasema uchongaji umefanywa na wachongaji wa pembe za ndovu wa Vidisha.

Vidisha ni mji ulio karibu sana na Sanchi, takriban kilomita kumi. Ukishajua kwamba walioshika tindo walikuwa mafundi wa pembe, lango lote linabadilika machoni. Unaelewa kwa nini kila pengo limejazwa, kwa nini jani halizidi ukucha na bado lina mishipa, kwa nini umati wa watu umepangwa kwa safu za vichwa vidogo vidogo. Ni ufundi wa kitu cha kushikwa mkononi, umepandishwa juu ya lango linalopita nyumba ya kawaida kwa urefu.

Ushahidi wa ufundi wenyewe ulipatikana mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1938, katika magofu ya Pompeii nchini Italia, kilifukuliwa kinyago kidogo cha pembe cha mwanamke wa Kihindi, chenye kimo cha sentimita 25 hivi, mwili umejaa mikufu na vikuku. Kilikuwa kimefukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79 BK. Mwanamke huyo ni ndugu wa damu wa wale wa malango ya Sanchi.

Je, pembe hizo zilitoka Afrika Mashariki?

Hapana, India ilikuwa na tembo wake. Pembe za pwani yetu zinatajwa kwa mara ya kwanza katika mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki karne ya 1 BK, unaoitaja bandari ya Rhapta. Kwamba ziliuzwa India kwa wingi tunaambiwa waziwazi na al-Masudi, karne ya 10: pembe za nchi ya Zanj zilipelekwa Oman, na kutoka hapo India na China. Hiyo ni miaka elfu moja baada ya mafundi wa Vidisha.

Nani alilipa gharama?

Watu wa kawaida, kwa kiasi kikubwa. Uzio na sakafu ya Sanchi vina mamia ya maandishi mafupi ya watoaji: jiwe hili ni zawadi ya fulani wa kijiji fulani. Kuna wafanyabiashara, wafumaji, mabenki wa zama hizo, mama wa nyumbani, watawa wa kiume na watawa wa kike. Wengi walitoka Ujjain. Wanawake ni wengi mno katika orodha hiyo, na watawa wa kike ambao kwa nadharia walikuwa wameacha mali walitoa bila kujificha.

Hili linastahili kusisitizwa. Vitabu vya shule hupenda kutaja wafalme, lakini ukisimama mbele ya uzio ule unasoma majina ya watu waliochangishana, kila mmoja boriti yake.

Wanawake wanaoning'inia kwenye miti wanafanya nini mahali pa watawa?

Hao ni yakshi, pepo wema wa miti na maji, wanaohusishwa na rutuba na mali. Watu waliwaheshimu kabla ya Ubuddha, nao Ubuddha haukuwafukuza. Uliwapa kazi ya kulinda lango. Maarufu zaidi ni yule wa lango la mashariki la Sanchi, anayeshikilia boriti huku akining'inia kwenye tawi la mwembe, mkono mmoja juu, kiuno kimepinda, miguu imekazwa kwenye shina. Imani ya kale ilisema mguu wa mwanamke mrembo ukiugusa mti, mti unachanua.

Anaonekana kama yuko uchi, lakini ana kitambaa chepesi. Mkanda wa shanga na ukingo wa nguo kwenye miguu vinaonekana. Nyuma yake mchongaji amemalizia suka la nywele na mgongo wote, ingawa ni wachache waliopita upande ule. Mwenzake mmoja wa Sanchi yuko British Museum jijini London.

Je, ni kweli Wagiriki ndio waliowafundisha Wahindi kumchonga Buddha?

Mfaransa Alfred Foucher alilitetea wazo hilo mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1927 Ananda Coomaraswamy, mzaliwa wa Ceylon aliyekuwa akifanya kazi katika jumba la makumbusho la Boston, alilipinga kwa nguvu akisema sanamu ya Buddha ilizaliwa Mathura kutokana na sanamu za yaksha, yaani yakshi wa kiume, zilizokuwepo tayari. Leo wengi wanakubali kwamba sanamu zilitokea sehemu zote mbili karibu wakati mmoja, karne ya 1 na ya 2 BK, chini ya wafalme wa Kushan. Mfalme Kanishka, ambaye enzi yake wengi huianzia mwaka 127 BK hivi, alitoa hata sarafu zenye umbo la Buddha na jina lake kwa herufi za Kigiriki.

Afadhali kuzitazama zenyewe.

Gandhara ni eneo la Peshawar, Swat na Taxila, leo kaskazini-magharibi mwa Pakistani, likiingia mashariki mwa Afghanistani. Buddha wa huko ana nywele za mawimbi zilizofungwa shungi, macho yaliyofumba nusu, pua iliyonyooka, na joho zito linalofunika mabega yote mawili, lenye mikunjo kama toga ya Kirumi. Pembeni yake utakuta nguzo za Kikorintho na vijibwana wanaobeba majengo mgongoni. Hapo mkono wa Ugiriki na Roma haufichiki, ingawa hadithi zinazosimuliwa ni za Kihindi mwanzo hadi mwisho.

Mathura iko kusini mwa Delhi, na jiwe lake ni jekundu lenye madoa meupe. Buddha wa hapo ana macho wazi, tabasamu, mabega mapana na kifua kilichojaa pumzi. Kichwa kimenyolewa isipokuwa fundo moja la nywele lililozungushwa kama kombe la konokono. Nguo nyepesi imeacha bega la kulia. Mkono wa kulia umeinuliwa, wa kushoto umekunja ngumi kwenye paja au kiunoni. Nyuma ya kichwa kuna duara la nuru lenye ukingo wa mawimbi madogo.

Sanamu moja ya Mathura ina historia ya pekee. Katika mwaka wa 3 wa Kanishka, mtawa aliyeitwa Bala aliisimamisha Sarnath, zaidi ya kilomita 500 kutoka ilikochongwa, pamoja na mwavuli mkubwa wa jiwe. Ina kimo cha karibu mita 2.5, imesimama wima, na simba mdogo yuko kati ya miguu. Maandishi yanamwita Bodhisattva, mtu anayeelekea kuamka, ingawa alama zote ni za Buddha. Ndivyo pia kwa sanamu ndogo ya Katra iliyoko Mathura, iliyotolewa na mama mmoja aitwaye Amohaasi. Mimi huona katika hili aibu kidogo ya watu waliozoea kiti kitupu kwa miaka mingi: mwili wameuchonga, jina kamili bado wanasitasita kulitaja.

Kuhusu swali lenyewe, simama mbele ya sanamu ya Bala na utafute Ugiriki. Hutaupata. Ni yaksha wa zamani, mzito na mwenye nguvu, aliyevaa nguo ya mtawa.

Haki ya Gandhara isipotee, hata hivyo. Jumba la makumbusho la Lahore lina Buddha aliyefunga kula, kutoka Sikri: mifupa ya mbavu, mishipa juu ya mbavu, tumbo lililoingia hadi uti wa mgongo, na uso uliotulia. Hakuna fundi wa Mathura aliyewahi kuthubutu hivyo.

Amaravati ina tofauti gani?

Amaravati iko kusini, kando ya mto Krishna katika Andhra Pradesh. Stupa yake ilikuwa miongoni mwa kubwa kuliko zote, na nakshi zake za karne ya 2 na ya 3 BK ni za mwendo wa haraka. Miili ni mirefu na myembamba, inapinda, inainama, inaruka. Katika duara moja lililoko Chennai, tembo Nalagiri aliyepandishwa hasira anavamia mtaa, amemnasa mtu kwa mkonga, wanawake wanashikana kwa hofu madirishani. Upande wa pili wa duara hilo hilo tembo amepiga magoti mbele ya Buddha.

British Museum ina kibao kimoja cha Amaravati kilichochongwa pande mbili. Upande wa zamani, wa karne ya 1 KK hivi, una waumini wanaoabudu kiti kitupu chini ya mti. Karne kadhaa baadaye kiligeuzwa, na upande wa pili ukachongwa stupa nzima, Buddha akiwa amesimama langoni kwa mwili wake. Mtu akiniuliza kipindi hiki chote kwa jiwe moja, nitamwonyesha hilo.

Sehemu kubwa ya stupa yenyewe imetoweka. Colin Mackenzie alipofika miaka ya 1790, mawe yalikuwa yakibebwa kwenda kujengea, na mengine yalichomwa kuwa chokaa.

Ishara za mikono zina maana gani?

Kiganja cha kulia kilichoinuliwa kuelekea mbele: usiogope. Mikono miwili mapajani: kutafakari. Vidole vya kulia vinavyogusa ardhi: Buddha anaiita ardhi iwe shahidi wake usiku wa kuamka. Mikono miwili kifuani kama inazungusha kitu: kufundisha. Sanamu za mwanzo hutumia zaidi ile ya kwanza. Ndewe ndefu za masikio ni kumbukumbu ya hereni nzito alizovaa alipokuwa mwanamfalme, kabla ya kuziacha.

Zilikuwa zimepakwa rangi?

Nyingi, ndiyo. Mabaki ya rangi nyekundu na ya dhahabu yamepatikana kwenye sanamu za Gandhara. Kijivu tunachokipenda leo ni jiwe lililovuliwa nguo.

Naweza kununua kipande?

Usinunue. Soko la sanamu za Gandhara na Mathura limejaa bandia na za wizi, na hata majumba makubwa yameumia. Jumba la sanaa la taifa la Australia lilinunua Buddha wa Mathura aliyekaa, wa karne ya 2 BK, kwa zaidi ya dola milioni moja mwaka 2007. Mwaka 2016 lilimrudisha India baada ya historia yake ya umiliki kubainika kuwa ya uongo. Kila kipande kilichong'olewa kwenye ukuta wake kimepoteza nusu ya maana yake, kwa sababu hatujui tena kilitazama upande gani na kilifuatana na hadithi ipi.

Nikitaka kuziona kwa macho, niende wapi?

Uzio wa Bharhut, ambao Alexander Cunningham aliukuta mwaka 1873, uko Indian Museum jijini Kolkata. Amaravati imegawanyika kati ya Chennai na London. Gandhara ipo Peshawar, Lahore na Taxila. Simba wa Ashoka na sanamu ya Bala viko katika jumba moja, Sarnath.

Ukiweza kwenda mahali pamoja tu, nenda Sanchi. Iko chini ya kilomita 50 kutoka Bhopal. Ilikuwa imesahaulika msituni hadi Jenerali Henry Taylor alipoifikia mwaka 1818. Wawinda hazina wakaibomoa vibaya, kisha John Marshall akaijenga upya kati ya 1912 na 1919. Masalia ya wanafunzi wa Buddha, Sariputra na Maudgalyayana, yaliyochukuliwa Uingereza katika karne ya 19, yalirudishwa na kuwekwa Sanchi mwaka 1952.

Fika asubuhi, jua likiwa kwenye lango la mashariki, umtafute yule farasi. Zunguka stupa ukiiweka kulia, uangalie vichwa vya nguzo za malango: kusini ni simba, magharibi ni vijibwana wenye vitambi, kaskazini na mashariki ni tembo. Karibu na lango la kusini kuna kisiki cha nguzo ya Ashoka. Marshall aliandika kwamba mwenye ardhi mmoja aliivunja ili atumie vipande kukamulia miwa. Kichwa chake cha simba kiko katika jumba la makumbusho chini ya kilima, kwa hiyo usiondoke bila kupita hapo.